Maji Hayafuti Sumu

Tangu zamani mwanadamu ameuona mto kama mchukuzi wa taka zake. Asichokitaka hukitupa majini. Maji hupita nacho, na kesho yake mto waonekana safi kama jana. Kwa majivu, maganda ya ndizi na makapi ya nafaka desturi hiyo haikuleta hasara kubwa, kwa kuwa vitu hivyo huoza na kurudi kuwa udongo. Lakini viwanda, mashamba na machimbo hutia mitoni vitu visivyooza kamwe. Je, navyo huisha vikishapita machoni petu?

Hilo ndilo swali la somo letu la juma hili. Ili tulijibu vema, twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za sumu moja tu, nayo ni zebaki. Kwanza tutasimulia yaliyowapata watu wa Japani. Kisha tutatazama yaliyo karibu na milango yetu wenyewe, huko kwenye machimbo ya dhahabu.

Paka wa Minamata

Minamata ni mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Wengi wa wenyeji wa vitongoji vyake walikuwa wavuvi, na kitoweo chao cha kila siku kilikuwa samaki na kombe. Hapo mjini palikuwa na kiwanda cha kampuni ya Chisso, kilicholeta kazi na fahari kwa watu. Tangu mwaka 1932 kiwanda hicho kilitengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi, na katika kuitengeneza kilitumia zebaki. Maji machafu ya kazi hiyo yalimwagwa baharini kwa mfereji.

Miaka mingi ikapita. Kisha ishara zikaanza kuonekana kwa wanyama. Samaki walielea juu ya maji. Kunguru walianguka chini wakiwa katika kuruka. Paka waliokula mabaki ya samaki walipepesuka na kuzunguka kama walevi, wengine wakajitosa baharini. Mwezi wa Agosti 1954 gazeti moja la huko liliandika kwamba katika kitongoji kimoja cha wavuvi paka walikuwa wamekufa karibu wote, panya wamezidi, na wenyeji wameuomba mji uwasaidie kuwaangamiza. Yafaa tulitafakari jambo hilo. Watu waliomba msaada juu ya panya. Sababu ya kufa kwa paka haikutafutwa.

Mwezi wa Aprili 1956 mtoto wa kike wa miaka mitano alipelekwa katika hospitali ya kiwanda. Hakuweza kutembea sawasawa wala kusema vizuri, na mwili wake ulishikwa na degedege. Siku chache baadaye mdogo wake naye akaugua vivyo hivyo. Tarehe 1 Mei mkuu wa hospitali hiyo, Dkt. Hajime Hosokawa, alitoa taarifa kwa wakuu wa afya kwamba umezuka ugonjwa wa ubongo usiojulikana asili yake. Wagonjwa walikufa ganzi mikono na miguu, wakaona mbele tu kana kwamba wachungulia tunduni, wakayumba, wakatetemeka, na wengi wakafa. Kwa kuwa ilidhaniwa ugonjwa waambukiza, nyumba zao zilipuliziwa dawa, na majirani wakawakimbia. Hivyo maskini hao walipigwa mara mbili: kwa sumu na kwa upweke.

Siri iliyofichwa

Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba chanzo ni zebaki. Mwaka huohuo Dkt. Hosokawa aliwalisha paka chakula kilichotiwa maji machafu ya kiwanda, na mwezi wa Oktoba paka mmoja, aliyeandikwa nambari 400, akashikwa na ugonjwa uleule. Ushahidi ulikuwa umepatikana ndani ya nyumba ya mkosaji mwenyewe. Lakini kampuni haikuutangaza, na daktari huyo alitoa ushuhuda wake mwaka 1970 tu, akiwa kitandani mgonjwa, miezi michache kabla ya kufa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Hapa aliyeficha alikuwa mmoja, na waliokufa walikuwa wengine.

Kabla ya hapo, mwaka 1958, kiwanda kilikuwa kimehamisha mfereji wake, ukamwagikia mlangoni mwa mto Minamata. Sumu haikupungua kwa kukutana na maji mengi. Ilisambaa, na wagonjwa wakaonekana katika vijiji ambavyo hapo kwanza vilikuwa salama. Kiwanda kiliendelea kumwaga uchafu huo hadi mwaka 1968, ndipo serikali ya Japani ikatamka waziwazi kwamba zebaki ya Chisso ndiyo chanzo. Mwaka 1973 mahakama iliihukumu kampuni kuwa na hatia. Wagonjwa waliotambuliwa rasmi katika eneo hilo wamezidi 2,200, na maelfu ya wengine walipewa fidia bila kutiwa katika hesabu hiyo.

Kuficha huko kulizaa msiba wa pili. Mwaka 1965 ugonjwa uleule ulivumbuliwa kwa watu wa kando ya mto Agano, katika mkoa wa Niigata, mbali sana na Minamata. Hao hawakula samaki wa bahari iliyochafuliwa. Walikula samaki wa mtoni. Zebaki ilitoka katika kiwanda cha kampuni ya Showa Denko kilichokuwa juu ya mto huo, yapata kilometa 60 kutoka baharini. Mto ule ulioonekana kuichukua sumu na kwenda nayo ulikuwa ukiigawa kwa kila kijiji ulichopita.

Jinsi sumu inavyopanda

Msomaji atauliza: zebaki chache katika maji mengi yawezaje kumdhuru mtu? Hiki ndicho kiini cha somo letu, na twaomba kisomwe polepole.

Zebaki ikiingia majini huzama, ikalala katika tope. Humo mna bakteria waishio pasipo hewa, nao huigeuza zebaki kuwa ya namna nyingine, iitwayo zebaki ya methili, iliyo mbaya kupita ile ya kwanza, kwa sababu huingia upesi katika nyama ya viumbe na hutoka polepole mno. (Kiwanda cha Minamata kilikwisha kuitengeneza namna hiyo chenyewe na kuimwaga ikiwa tayari.) Vijimea vya majini huipokea kidogo. Wadudu hula vijimea vingi, samaki wadogo hula wadudu wengi, samaki wakubwa hula samaki wadogo wengi. Kila anayekula hurithi sumu ya wote aliowala. Kwa njia hiyo samaki mkubwa alaye wenzake aweza kuwa na zebaki mara milioni na zaidi kupita maji anamoogelea. Maji yakipimwa yaweza kuonekana mema, na sahani ikawa na sumu.

Juu ya ngazi hiyo hukaa ndege na wanyama walao samaki, kama mwari, furukombe na fisi maji. Huko Amerika ya Kaskazini wataalamu wamechunguza ndege mmoja mzamiaji aitwaye loon, wakaona kwamba penye zebaki nyingi makinda hupungua. Ndege aweza kuonekana mzima, lakini kiota chake ni kitupu.

Na juu kabisa ya ngazi hukaa mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Zamani waganga waliamini kwamba kondo la nyuma humkinga mtoto na sumu. Minamata ilivunja imani hiyo. Akina mama walioonekana wazima, au wenye dalili chache tu, walizaa watoto wasioweza kuketi, kumeza wala kusema. Dkt. Masazumi Harada na wenzake walithibitisha kwamba sumu ilipita katika kondo na kuwafikia watoto. Ubongo ulioharibiwa namna hiyo haurudi kuwa mzima, wala hakuna dawa ya kuuponya.

Zebaki katika nchi yetu

Tusiseme kwamba hayo ni mambo ya Japani. Duniani kote, kazi itoayo zebaki nyingi hewani kuliko nyingine yoyote ni uchimbaji mdogo wa dhahabu. Zaidi ya theluthi ya zebaki yote inayotiwa hewani na wanadamu hutokana nayo. Na kazi hiyo ni riziki ya mamia ya maelfu ya Watanzania, kuanzia Geita, Kahama na Mara hadi Chunya.

Wanaoishi huko wajua kazi inavyofanyika. Mawe husagwa katika karasha. Unga wake huoshwa mwaloni. Kisha zebaki humiminwa katika beseni au dimbwi ili ikamate punje za dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni; zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Kwa kila gramu moja ya dhahabu, kwa kawaida hutumika gramu moja au zaidi ya zebaki. Sehemu yake hubaki katika marudio, na mvua ikinyesha huyasukuma mtoni. Sehemu nyingine huvutwa puani na mchomaji, na mkewe, na watoto wachezao karibu, hasa donge likichomwa jikoni au ndani ya duka la mnunuzi. Mvuke huo hauna harufu. Huleta kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, na madhara ya figo; ukishapoa huanguka juu ya udongo na maji.

Hatupendi kuwatisha watu bure. Samaki wengi wa Ziwa Victoria waliopimwa wameonekana kuwa na zebaki chini ya kipimo kilichowekwa na mataifa, na samaki ni chakula bora kwa mama na mtoto. Lakini katika eneo la Geita zebaki nyingi imepatikana katika marudio na tope la karibu na mialo. Basi jambo limo njiani. Minamata palipita zaidi ya miaka ishirini kati ya sumu ya kwanza na mgonjwa wa kwanza kutambuliwa. Asemaye leo, “Mbona hatujaona mtu aliyekufa?” asema maneno ambayo mtu wa Minamata angaliweza kuyasema mwaka 1950.

Yatupasa kufanya nini

Kwanza, nyumbani. Donge lisichomwe kamwe ndani ya nyumba wala penye watoto. Mama mwenye mimba na watoto wasiguse zebaki wala kukaa karibu na mvuke wake. Beseni la kuoshea dhahabu lisirudi jikoni, na nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala. Samaki wa madimbwi na vijito vya mialoni wasiliwe. Tena ikumbukwe kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, hakuondoi zebaki. Wala kupika samaki hakumtoi sumu.

Pili, kazini. Viko vyombo vilivyofunikwa ambavyo huukamata mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, hata ikatumika tena; mchimbaji hupata faida na jirani hupata uzima. Yako pia majedwali ya kutikisa yanayotenga dhahabu kwa uzito wake. Katika mkoa wa Benguet, nchini Ufilipino, wachimbaji wadogo wametumia boraksi badala ya zebaki kwa miaka mingi, nao huishi kwa dhahabu kama wengine.

Tatu, katika sheria. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana mkataba juu ya zebaki, wakaupa jina la Minamata. Ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba huo wataka yakomeshwe mambo manne: kutia zebaki katika mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge wazi, kulichoma katika makazi ya watu, na kuyatia sayanaidi marudio yenye zebaki kabla ya zebaki kuondolewa. Twaomba viongozi wa vijiji na wa machimbo wayasome mambo hayo manne hadharani, mahali watu wanapofanyia kazi.

Lakini haki yatutaka tuseme neno moja zaidi. Mchimbaji mwenye koleo na beseni si mwenye kiwanda. Atumia zebaki kwa kuwa ni rahisi kupatikana na kwa kuwa watoto wake wataka kula jioni. Kumkamata na kumwacha pasipo chombo kingine ni kumwongezea shida tu. Wenye makarasha, wanunuzi na wauza zebaki, ambao faida yao ni kubwa kuliko yake, wawe wa kwanza kutoa fedha za vyombo salama. Anayekula nyama nene asimwachie mwenzake mifupa na deni.

Huko Minamata tope lenye sumu lilizolewa na kufukiwa kuanzia mwaka 1977 hadi 1990. Nyavu zilizozuia samaki wa ghuba hiyo wasitoke ziliondolewa mwaka 1997. Taifa tajiri, lenye wataalamu na mitambo, lilihitaji miaka ishirini kusafisha ghuba moja. Na waliozaliwa na ugonjwa hawakuponywa na usafi huo. Sisi tungalipo mwanzoni mwa njia. Tope letu laweza bado kuachwa bila sumu, na hilo ni rahisi kuliko kulizoa.

Basi wazazi mnaoishi kando ya mito, watazameni wanyama wenu. Mkiona samaki wanaelea, ndege wanaanguka, au paka na bata wanayumba, msitafute dawa ya panya. Ulizeni juu ya mto kuna nini, ulizeni kwa sauti, tena ulizeni siku hiyohiyo.