Diski Pacha na Ulinzi wa Kumbukumbu za Utafiti

Mvua iliyonyesha Tanga mwaka jana haitanyesha tena ili ipimwe upya. Samaki aliyepimwa urefu na uzito wake ufukoni Kigombe, akisha kuuzwa, hapimiki mara ya pili. Matumbawe yaliyohesabiwa kabla ya joto kali la bahari la mwaka 1998, ambalo liliua matumbawe mengi katika upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, hayawezi kuhesabiwa leo yakiwa katika hali yake ya zamani. Kwa sababu hiyo daftari la vipimo lina thamani kuliko chombo kilichopimia. Chombo hununuliwa kingine. Kipimo kilichopotea hakinunuliki.

Zamani vipimo vya namna hii viliandikwa kwa wino. Siku hizi vingi huwekwa katika kompyuta ya mezani, na mara nyingi ndani ya diski moja tu. Shabaha ya somo hili ni kueleza jinsi diski mbili zinavyofanywa kuwa pacha, faida ya upacha huo, na mpaka wa faida hiyo. Jambo hili la tatu ndilo linalosahauliwa na wengi, na ndilo lenye kuleta hasara kubwa.

Diski na udhaifu wake

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitengenezwa na IBM huko Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha sentimita 61, na zote kwa pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 hivi. Diski ya leo huenea kiganjani na huhifadhi mara mamia ya maelfu ya kiasi hicho, lakini kanuni yake haikubadilika: sahani iliyopakwa utando wa sumaku huzunguka, na kichwa kidogo huandika na kusoma alama za sumaku juu yake.

Sahani za diski nyingi za kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kichwa hakigusi sahani. Huelea juu ya hewa nyembamba, kwa umbali ulio mdogo mara elfu kadhaa kuliko unene wa unywele. Kikigusa, utando huchubuka na kumbukumbu zilizokuwa mahali hapo hupotea. Zipo pia hifadhi zisizo na kitu kinachozunguka, ambazo hutunza kumbukumbu kwa chaji za umeme. Hizo haziogopi mtikisiko, lakini nazo huchakaa na huweza kufa ghafla bila dalili.

Katika mji wa pwani kama Tanga au Pangani yapo mambo mengine ya kuongeza hatari. Hewa yenye unyevu na chumvi hula viungo vya metali. Umeme unapokatika na kurudi ghafla, saketi za ndani hupata mshtuko. Radi za wakati wa masika na vuli huweza kuingia kwa njia ya waya wa umeme au wa simu. Methali husema akiba haiozi. Akiba iliyo ndani ya diski moja, hata hivyo, huoza.

Maana ya kioo

Mafundi wa kompyuta huuita upacha huu kioo, kwa kuwa diski moja huwa sura ya nyingine. Kila neno linaloandikwa huandikwa katika diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mtumiaji huona diski moja tu, na hana haja ya kujua kwamba nyuma yake zipo mbili. Moja ikifa, kazi huendelea kwa ile iliyobaki, bila kusimama.

Mbinu hii ilitumika katika kompyuta za mabenki na za kampuni kubwa tangu miaka ya 1970. Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambao ni David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa makala iliyopanga njia mbalimbali za kuunganisha diski nyingi za bei nafuu. Waliuita mpango huo RAID, na kioo kikawa daraja lake la kwanza. Tangu hapo maarifa hayo yameenea hata kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani.

Gharama yake ni dhahiri: diski mbili za terabaiti 4 zilizounganishwa hivi hutoa nafasi ya terabaiti 4, si 8. Zikiwa na ukubwa tofauti, iliyo ndogo ndiyo huweka kipimo.

Hesabu ya hatari

Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba katika kila diski 100, diski 3 hufa katika mwaka mmoja. Kwa kompyuta yenye diski moja, hatari ya kupoteza kila kitu mwaka huo ni 3 katika 100.

Katika kioo, kumbukumbu hupotea tu ikiwa diski ya pili itakufa kabla ya ile ya kwanza kubadilishwa. Hatari ya mojawapo ya diski mbili kufa katika mwaka ni kama 0.06. Diski iliyokufa ikibadilishwa baada ya wiki moja, hatari ya mwenzake kufa katika wiki hiyo ni 0.03 ikigawanywa kwa 52, yaani 0.00058 hivi. Zidisha namba hizo mbili: jibu ni kama 3.5 katika 100,000.

Sasa ichukuliwe kwamba hakuna aliyetambua kifo cha diski ya kwanza kwa miezi sita. Hatari ya pili huwa 0.015, na jibu huwa 90 katika 100,000. Uzembe huo peke yake umeongeza hatari mara 26. Kioo kisichoangaliwa ni sawa na mlinzi aliyelala.

Tena hesabu hii hudhani kwamba kifo cha diski moja hakihusiani na cha nyingine. Kwa kweli diski mbili zilizotoka kiwandani siku moja huweza kuwa na kasoro moja, na radi moja huweza kuziunguza zote. Ndiyo maana yafaa diski hizo zitoke kwa watengenezaji tofauti au zinunuliwe kwa nyakati tofauti.

Namna ya kuunganisha

1. Nakili kwanza kumbukumbu zote mahali pengine. Kazi ya kutengeneza kioo hufuta kila kilichomo katika diski.

2. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha funga diski mbili mpya pamoja na ile yenye mfumo wa kuendesha kompyuta.

3. Andika namba ya kiwanda ya kila diski kwenye kibandiko, ukibandike mahali panapoonekana. Siku ya msiba ni rahisi sana kuchomoa diski nzima na kuiacha ile mbovu.

4. Katika mfumo wa Linux, amri lsblk huonyesha majina ya diski. Ikiwa diski mpya ni sdb na sdc, amri ya kuziunganisha, itolewayo kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, ni hii:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb /dev/sdc

Watumiaji wa Windows hupata huduma ya namna hiyo katika sehemu iitwayo Storage Spaces.

5. Tazama hali ya kioo kwa amri ifuatayo:

cat /proc/mdstat

Alama [UU] maana yake diski zote mbili ni nzima. Alama [U_] maana yake moja imetoka kazini. Mwanafunzi mmoja aweza kupewa zamu ya kutazama alama hiyo kila Jumatatu na kuiandika daftarini.

6. Andaa diski hiyo moja iliyopatikana ili ipokee mafaili, weka mafaili machache ya majaribio, zima kompyuta, chomoa diski moja, kisha washa tena. Mafaili yakisomeka, kioo kinafanya kazi. Irudishe diski na uache mfumo uijaze upya kabla ya kuweka kumbukumbu za kweli.

Kujaza huko huchukua muda. Diski ya terabaiti 4 ikiandikwa kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde huhitaji sekunde 26,667 hivi, yaani saa 7 na dakika 24. Katika muda huo wote diski iliyobaki hufanya kazi nzito, nayo ndiyo tegemeo pekee. Kwa hiyo yafaa kompyuta iwe na betri ya kuishika umeme unapokatika.

Kile ambacho kioo hakikingi

Kioo hakina hiari. Huonyesha uso ulio mbele yake, uwe safi au mchafu. Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, linafutwa katika diski zote mbili papo hapo. Akiandika kilo 52 badala ya kilo 25, kosa hilo huandikwa mara mbili kwa uaminifu mkubwa. Virusi vya kompyuta vikiharibu mafaili, huharibu yote mawili. Na mwizi akichukua kompyuta, au nyumba ikiungua, diski zote mbili huondoka pamoja.

Basi kioo hukinga jambo moja tu: kifo cha diski moja. Kukiita nakala ya akiba ni kosa. Nakala ya akiba ni ile isiyobadilika pale ya asili inapobadilishwa, na isiyokaa chini ya paa moja na ya asili.

Funzo la Amani

Tofauti hii ilionekana katika Mkoa wa Tanga kabla ya kompyuta kujulikana. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa biolojia na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara ya Mashariki. Wataalamu wa mimea wana desturi ya kukata matawi kadhaa ya mmea uleule, kuyakausha, kuyapa namba moja, na kuyagawa katika makusanyo mbalimbali. Mimea mingi ya Usambara ilipelekwa Berlin, ambako ilichunguzwa na kupewa majina ya kisayansi.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyo huo wa Berlin. Vielelezo vya asili vya majina mengi viliungua. Wataalamu waligeukia matawi ya namba zilezile yaliyohifadhiwa kwingineko. Mkusanyo wa Amani haukuguswa na moto huo. Mwaka 1950 ulihamishiwa Nairobi, ambako ndio ulikuwa msingi wa mkusanyo mkuu wa mimea ya Afrika Mashariki.

Kama Berlin ingekuwa na makabati mawili yenye matawi yanayofanana, yote yangeungua. Kilichookoa ni umbali. Tena kosa lililoandikwa kwenye kibandiko cha Berlin halikujiandika lenyewe kwenye kibandiko cha Amani, kwa hiyo tawi moja liliweza kusahihisha jingine.

Kituo au shule iliyoko Tanga yaweza kufuata mfano huo bila gharama kubwa. Kioo kilinde kazi ya kila siku. Kila wiki nakala iwekwe katika diski ya pembeni yenye tarehe, ichomolewe na kupelekwa Muheza, Korogwe au Lushoto, na nakala za wiki zilizopita zisifutwe upesi. Mara kwa mara nakala hiyo ifunguliwe na kusomwa, kwani nakala isiyowahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Mazoezi

1. Diski ya terabaiti 2 hujazwa kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde. Kazi hiyo itachukua muda gani?

2. Rudia hesabu ya hatari ukichukulia kwamba diski iliyokufa hubadilishwa baada ya siku moja.

3. Faili la vipimo vya mvua lilifutwa Jumanne na likagunduliwa kukosekana Ijumaa. Eleza ni ulinzi upi utakaolirudisha, na ni upi usioweza.

4. Orodhesha kumbukumbu tatu za shule yako ambazo haziwezi kupatikana tena zikipotea. Kila moja iko katika nakala ngapi, na ziko mahali pangapi?