Fomu Inayouliza Ugonjwa wa Mama Yako

Dada, nipo Texas, nimepata kazi ya kutunza wazee. Kabla ya kuanza nimepelekwa kupimwa afya, na kwenye fomu kuna swali: je, mama, baba, kaka au dada yako ana kisukari, saratani, ugonjwa wa moyo au wa damu? Mdogo wangu ana selimundu, na mimi nilishapimwa, nina AS, yaani ninabeba kinasaba chake bila kuugua. Nikiandika ukweli naogopa kunyimwa kazi, nikidanganya naogopa kufukuzwa baadaye. Nifanyeje?

Mdogo wangu, kwanza weka kalamu chini. Swali hilo mwajiri wako haruhusiwi kukuuliza.

Huko Marekani kuna sheria iliyosainiwa tarehe 21 Mei 2008, kwa kifupi huitwa GINA. Inamkataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kumnyima mtu kazi, kumshusha cheo au kumfukuza kwa sababu ya vinasaba vyake. Wengi wakisikia vinasaba wanafikiria maabara na vipimo vya gharama kubwa. Sheria hiyo inahesabu hata magonjwa ya wazazi, ndugu, shangazi na wajomba zako kuwa taarifa za vinasaba vyako. Ndiyo maana kuuliza tu ni kosa, hata kama kazi utapewa. Daktari anayekupima kwa niaba ya mwajiri naye hapaswi kuuliza.

Mwaka 2023 kampuni ya maduka ya Dollar General ilikubali kulipa dola milioni 1 kumaliza kesi ya namna hii hii. Walioomba kazi kwenye ghala lao huko Alabama walitakiwa kutaja magonjwa ya ndugu zao.

Basi fanya hivi. Piga picha fomu nzima. Sehemu ya familia iache wazi, na ukiulizwa sema kwa upole kwamba sheria hairuhusu swali hilo. Usidanganye, mdogo wangu, maana uongo utakufunga wewe wakati kosa ni lao. Wakikunyima kazi, peleka malalamiko kwenye tume ya serikali inayosimamia usawa kazini, EEOC. Ni bure. Muda ni siku 180. Kuna majimbo unafika 300, lakini wewe shika 180.

Sasa tuzungumze hiyo AS. Na mimi ninayo. Niliijua nikiwa na mimba ya kwanza, nesi alipoiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kadi yangu ya kliniki. Nilipomwambia bosi niliyekuwa naye wakati huo, aliondoa jina langu kwenye safari ya mafunzo, akaniambia, "Wewe una ugonjwa wa damu, ukituangukia huko?" Sikuwa mgonjwa. Mwenye AS amerithi kinasaba kimoja cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na wengi wetu tunazeeka bila kulazwa hata siku moja kwa ajili yake. Nilinyamaza kwa sababu sikujua la kusema.

Weusi wa Marekani wanayajua maumivu haya vizuri. Chuo cha Jeshi la Anga kiliwazuia vijana wenye AS kujiunga hadi 1981. Bunge lilipotunga sheria ya 2008 liliutaja ndani yake ubaguzi uliowapata watu wa selimundu. Ngao uliyonayo leo wengine waliilipia.

Lakini ngao hiyo ina mwisho wake. Bima ya afya haiwezi kukupandishia malipo wala kukukataa kwa sababu ya vinasaba. Bima ya maisha inaweza, pamoja na bima ya ulemavu na ile ya kutunzwa uzeeni. Florida ilizikataza kampuni hizo kutumia majibu ya vipimo vya vinasaba mwaka 2020, lakini usidhani kila jimbo limefanya hivyo. Kwa hiyo kama unapanga kupima vinasaba kwa hiari yako, na unataka bima ya maisha kwa ajili ya wanao, kata bima kwanza. Kama ni daktari aliyekwambia upime, usingoje kitu. Uhai kwanza, bima baadaye.

Na nyinyi mliopo nyumbani msidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ya Kenya ya 2019, na ya Tanzania ya 2022, zote zinaziweka taarifa za vinasaba kwenye kundi la taarifa nyeti. Ila sheria yetu ya ajira ya Tanzania ya 2004 inapotaja ubaguzi, inataja ulemavu na VVU, vinasaba haivitaji. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, na kila mtoto huyo ana wazazi, kaka na dada wanaotafuta kazi na bima. Wabunge wetu waongeze neno hilo moja.

Wewe mdogo wangu, nenda kazini kichwa juu. Damu ya mama yako si sababu ya kukosa kazi. Na siku nyingine ukipewa fomu, kabla ya kuandika uliza: taarifa hizi zinakwenda kwa nani, na za nini?

Dada yenu