DARSA YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Kutaka Kupumzika Mapema na Huna Hata Shilingi



 Leo naomba tuongee pesa. Najua wapo watakaosema, shekhe, mwezi huu si wa Qur'ani? Ni wa Qur'ani, ndiyo. Na ndani ya hiyo Qur'ani aya ndefu kuliko zote ni ya kuandikiana madeni. Kwa hiyo tusione haya.

Baada ya ile darsa ya riba, kijana mmoja wa bodaboda alinitumia swali. Nalifupisha: "Shekhe, nina miaka 29. Sina akiba, nadaiwa. Mtandaoni naona watu wanasema ukijipanga unaweza kuacha kazi ukiwa na miaka 45, ukala bila kumtegemea mtu. Je, ni halali kutaka hivyo? Na kwa mtu kama mimi inawezekana?"

Mdogo wangu, swali lako ni la watu wengi humu, ila wewe ndiye uliyethubutu kuuliza. Tulijibu vipande viwili.

*Kwanza: ni halali kutaka?*

Kutaka usimnyooshee mtu mkono ni jambo jema, nalo lina mizizi katika dini. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mkono wa juu, ule unaotoa, ni bora kuliko wa chini unaopokea. Na Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua akataka kutoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake, Mtume alimzuia asizidishe theluthi, akamweleza kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba kwa watu. Kwa hiyo anayepanga ili watoto wake wasije kuwa mzigo yuko katika kheri, maadamu njia ni ya halali.

Na kwetu sisi hili si la anasa. Mwajiriwa mwenye NSSF anajua tarehe zake: miaka 55 kwa hiari, 60 kwa lazima, na ili apate pensheni ya kila mwezi awe amechangia walau miezi 180. Sasa mvuvi? Mama ntilie? Fundi mwashi? Dereva wa boda? Wengi wao hawakujiandikisha popote, na hawana tarehe. Tarehe yao ni siku goti linapokataa au jicho linapofifia. Wazee wetu wangapi wana miaka sabini na bado wanalinda maduka usiku, si kwa kupenda, bali kwa sababu hakuna kilichobaki? Hilo ndilo tunaloliongelea.

*Pili: inawezekana kuanzia sifuri?*

Mkumbukeni Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alihama Makka akaacha mali yake nyuma. Alipofika Madina akaunganishwa udugu na Saad bin Rabi', tajiri miongoni mwa Ansari, naye akamwambia atamgawia nusu ya mali yake. Hebu fikiri ni wewe, huna kitu, unapewa nusu ya mali ya tajiri! Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liko wapi. Akaenda, akarudi na jibini kavu na samli alizozichuma kwa biashara. Kesho yake akaenda tena. Haikuchukua muda mrefu akaweza kuoa kwa mahari yake mwenyewe, na baadaye akawa katika matajiri wakubwa wa Madina na watoaji wakubwa pia.

Angalieni alivyoanza. Hakuanza na mtaji mkubwa, alianza na kitu kidogo kinachozunguka, akawa anarudi sokoni kila siku.

Sasa tufanye hesabu, maana nimekuwa mwalimu wa darasani na chaki hainitoki mkononi.

Wanaozungumza habari hizi kule Marekani wana kipimo chao: chukua matumizi yako ya mwaka, zidisha mara 25, ukifika hapo unaweza kuacha kazi. Kipimo hicho kinatokana na hesabu aliyoitoa mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994, akitazama hisa na hatifungani za Marekani. Tuseme familia yako inatumia 400,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 4,800,000. Mara 25 ni milioni 120. Ukiweka akiba 2,000 kwa siku, siku 26 za kazi, ni 52,000 kwa mwezi, sawa na 624,000 kwa mwaka. Kwa mwendo huo milioni 120 utaifikia baada ya miaka 192. Nabii Nuh (a.s.) angeweza, sisi hatuwezi!

Msicheke mkakata tamaa. Kwanza, kipimo kile kimejengwa kwa sehemu juu ya hatifungani zenye riba, kwa hiyo hatuwezi kukichukua kama kilivyo. Pili, hesabu hii inatufundisha jambo moja kubwa: akiba peke yake haitamfikisha mtu wa kipato kidogo. Akiba ni ngazi ya kufikia mali inayozaa. Tupande hatua kwa hatua.

*1. Ziba tundu.* Ndoo iliyotoboka haijai hata ukichota usiku kucha. Tundu letu kubwa ni mikopo ya kausha damu na ya kwenye simu. Tuseme unakopa 100,000 na mwisho wa mwezi unarudisha 130,000. Hiyo 30,000 ni zaidi ya nusu ya akiba yako ya mwezi mzima. Ukirudia kila mwezi, kwa mwaka umepeleka 360,000 na hujapata hata tofali, na juu yake una dhambi ya riba. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni mara nyingi, na alipoulizwa sababu akaeleza kuwa mwenye deni akisema husema uongo, na akiahidi huvunja. Mwenye kudaiwa anajua ukweli huo: simu inaita, mtoto anatumwa aseme baba hayupo. Deni linaanza kula pesa, kisha linakula ulimi. Kwa hiyo lipa lile la riba kwanza, funga mlango, usirudi.

*2. Weka mwezi mmoja.* Kabla hujafikiria miaka 45, fikiria mwezi ujao. Mtoto akiugua, pikipiki ikiharibika, una pa kugusa? Usipokuwa napo utarudi kausha damu. Lenga akiba ya matumizi ya mwezi mmoja, halafu mitatu. Katika Suratu Yusuf tunaona Nabii Yusuf (a.s.) akipanga miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki: nafaka iachwe kwenye masuke yake, waliwe kidogo tu. Angalia alivyopanga pa kuiweka pia, isioze. Na wewe pesa yako iweke pagumu kidogo kufikika. Kibubu cha chumbani ni chepesi kuvunjwa. Mchezo wa watu waaminifu usio na riba ni mzuri. Na benki zisizo na riba zipo: Amana Bank ipo tangu 2011, na benki nyingine zina madirisha ya Kiislamu. Kuhusu vikoba, kabla hujaingia uliza mkopo unarudishwaje. Kama unarudi na nyongeza, jina zuri halibadilishi hukumu.

*3. Miliki chombo chako.* Hapa ndipo mtu wa kuanzia sifuri anapiga hatua ya kweli. Tuseme unapeleka hesabu kwa tajiri 8,000 kwa siku. Siku 26 ni 208,000 kwa mwezi, mara nne ya ile akiba yako ya 52,000. Siku pikipiki ikiwa yako, pesa hiyo inabaki mkononi, utoe matengenezo na bima. Kwa hiyo lengo lako la kwanza lisiwe milioni 120. Liwe pikipiki yako. Fundi, lengo lako ni cherehani yako. Mvuvi, nyavu zako. Na yule asiye na fani, lengo lake ni fani. Kujifunza ufundi kwa fundi wa mtaani au VETA ni mali isiyoibiwa.

*4. Kisha nunua kinachozaa.* Chumba cha kupanga, michungwa ya Muheza, mbuzi, duka la mtu mwaminifu mnaloshirikiana kwa mudharaba. Vyumba kumi vya 40,000 vinaleta 400,000 kwa mwezi vikijaa. Chukulia viwili havina mtu, ni 320,000, na bati nalo huvuja. Hata hivyo unaona kwamba vyumba kumi, vinavyojengwa kimoja kimoja kwa miaka 15, ni kitu ambacho akili inakikubali kuliko milioni 120 za kwenye karatasi. Ila andikianeni! Kiwanja kiwe na nyaraka na mashahidi, ushirika uwe na mkataba. Na anayekuahidi pesa yako itazaa mara mbili kwa wiki chache, mkimbie. Wakubwa tunaikumbuka DECI ya 2009, watu walipeleka pesa "kupanda" wakingoja kuvuna, serikali ikaisimamisha, na wengi mavuno hawakuyaona.

*5. Usiwasahau wenye haki.* Akiba ikifika nisabu, yaani thamani ya dhahabu gramu 85 kama wanavyokadiria maulamaa wengi wa leo, na ikapitiwa na mwaka wa Hijria, itoe zaka yake asilimia 2.5. Usiseme "hii ni ya uzeeni." Ya uzeeni nayo ina zaka.

Na wazazi. Wapo vijana wanaosema, shekhe, mimi nisingekuwa na mama kijijini ningeshajenga. Ndugu yangu, mama si tundu la ndoo. Mwandike katika bajeti mstari wa juu kabisa, kiasi unachokiweza, kila mwezi bila kukosa. Kinachovuruga ni kutoa kwa kushtukizwa: leo elfu 50 kwa kuona haya mbele za watu, miezi mitatu hakuna kitu. Suratul Israa inatufundisha tusiufunge mkono shingoni, wala tusiukunjue wote tukabaki tumeishiwa. Na amali anayoipenda zaidi Allah, kama alivyotufundisha Mtume, ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo. Hilo linahusu pia elfu 20 ya mama.

*Sasa, upumzike uende wapi?*

Hapa naomba unisikilize vizuri. Muumini hana kustaafu kwa Mola wake; ibada ni mpaka yakini ije, yaani mauti. Mtume alitufundisha hata Kiyama kikisimama na mtu ana mche mkononi, akiweza aupande. Kwa hiyo kama unataka kuacha kazi ukae barazani ulalie mgongo, hilo halina kheri nyingi. Na kama kila usiku unahesabu pesa, unamnyima mkeo ya mboga, unaikwepa jamaa msikitini kwa kusema "nikifikisha kiasi fulani nitatulia na swala," basi Suratul Humaza inakuhusu, maana imemuonya aliyekusanya mali akaihesabu akidhani itambakisha milele. Na nani aliyekuhakikishia hiyo miaka 45?

Jibu langu kwako, mdogo wangu, ni hili. Huenda ukifika 45 hutaacha kazi kabisa. Lakini ukianza leo, kwa tawfiki ya Allah, itafika siku ambayo utaweza kukataa. Utakataa kubeba mzigo usiojua una nini. Utakataa safari inayokukosesha Ijumaa. Utazima pikipiki saa kumi na mbili jioni uende ukawasomeshe wanao juzuu amma. Mtu asiyedaiwa, mwenye miezi mitatu ya akiba na chombo chake mwenyewe, ameshapata sehemu kubwa ya uhuru anaoutafuta, na hilo unaweza kulifikia kabla ya miaka 45.

*Zoezi la leo*

Chai ya asubuhi 1,000 na chakula cha mchana 2,500 ni 3,500 kwa siku. Umefunga. Kwa siku 29 hiyo ni 101,500. Iko wapi? Kama imeingia kwenye futari ya watoto na sadaka, alhamdulillah. Kama huioni, itafute. Mfungo umekupa mtaji, usiache uyeyuke kwenye soda na nguo za Idi za kukopa.

Baada ya alasiri chukua karatasi, andika mistari mitatu: nadaiwa na nani na kiasi gani, natumia ngapi kwa mwezi, chombo gani kikiwa changu nitapumua. Mwenye mke amwonyeshe mkewe, mwenye mume amwonyeshe mumewe. Siri ya pesa ndani ya nyumba ni tundu jingine. Aliyelemewa na deni aje tuonane baada ya tarawehe, tutakaa na wazee tuone namna. Hatutamtangaza mtu.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu yako, tulipie madeni yetu, wape wazee wetu utulivu, na utujaalie mkono wa kutoa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Kesho in shaa Allah tutaendelea na zakatul fitri: nani inamwajibikia na hutolewa lini.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.