Kubuni Kiolesura kwa Karatasi na Simu ya Vitufe

Kiolesura ni ile sehemu ya mtambo ambayo mtumiaji huiona, huigusa au huisikia anapoufanyisha kazi. Vitufe vya simu ni kiolesura. Kadhalika maandishi yanayotokea katika kioo chake. Anayeanza elimu hii hudhani kwamba hana budi apate kompyuta kwanza. Sivyo. Kwa mwanafunzi wa Sepuka, mkoani Singida, simu ndogo ya vitufe na kikokotoo cha dukani vyatosha kwa masomo ya mwanzo.

Viwili hivyo na viwekwe sambamba. Katika kikokotoo safu ya juu ni 7, 8, 9. Katika simu ni 1, 2, 3. Mwaka 1960 R. L. Deininger wa maabara za Bell, Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walipewa mipangilio mbalimbali ya vitufe, wakapimwa wepesi wao na makosa yao. Mipangilio kadhaa ilikaribiana sana kwa ubora. Ule wa 1, 2, 3 juu ndio uliochukuliwa, na simu za vitufe zikaanza kutumika huko mwaka 1963. Mhandisi hakuamua kwa macho yake. Alihesabu makosa ya vidole vya wengine.

Nchini Tanzania, kiolesura kinachogusa maisha ya wengi ni orodha ya huduma za fedha kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008. Katika simu ya vitufe orodha hiyo haina picha wala rangi, na ukurasa mmoja hauzidi herufi 182, nafasi na nukta zikihesabiwa. Mtumiaji akikawia, mawasiliano hukatika naye huanza upya. Mkulima wa alizeti asiyesoma upesi, akikatikiwa mara mbili, aghalabu humpa kijana simu ambonyezee, na namba ya siri pamoja nayo. Ni desturi kumlaumu mkulima kwa kutojua. Lawama hiyo ingefaa ianze na orodha.

Tena, tarakimu moja ikikosewa, fedha huenda kwa mtu asiyejulikana. Huko Kenya, mwaka 2015, Safaricom iliongeza hatua iitwayo Hakikisha, inayomwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa nafasi ya kusitisha kabla muamala haujakamilika. Safari imerefuka kidogo, na kiolesura kimekuwa bora. Wanaopenda kufupisha kila kitu wautazame mfano huu.

Zoezi. Wanafunzi wabuni orodha ya simu ambayo mwenye kinu cha kukamua alizeti ataitumia kuandika magunia aliyoyapokea na jina la mwenye mali. Kila ukurasa uandikwe katika kadi yake, usizidi herufi 182. Mwanafunzi mmoja awe ndiye simu: akitajiwa namba, aweke kadi inayofuata bila kusema neno. Mtumiaji awe mtu ambaye hakushiriki kuandika, ikiwezekana mzee wa nyumbani. Mbuni akae kimya, hata ulimi ukimwasha (hii ndiyo sehemu ngumu), aandike tu kadi iliyomsitisha mtumiaji na namba aliyoitaja kimakosa. Je, njia ya kurudi nyuma ipo? Neno “thibitisha” limeeleweka, au “1 Ndiyo, 2 Hapana” ingetosha? Kadi iliyowakwamisha wawili kati ya watumiaji watatu iandikwe upya, kisha apewe mtu wa nne ambaye hajaiona.