Somo la 14: Nyama ya Mtu Mmoja

Soma habari hii. Kisha jibu maswali.

Mzee mmoja wa darasa letu alifiwa na mke wake. Watoto wake wako mbali. Tangu arobaini ilipopita, mzee hakupika tena kitoweo. Alikula ugali kwa chumvi. Siku nyingine alikunywa uji tu, akalala. Alianza kukonda.

Tulimwuliza, "Mzee, mbona hupiki?"

Akajibu, "Nimpikie nani?"

Mama mmoja, aliyekuwa rafiki wa marehemu, akamwambia, "Shemeji, jipikie wewe. Anayekula peke yake naye ana tumbo."

Mzee akasema, "Nilijaribu. Nilinunua kilo nzima ya nyama. Nikala, nyingine ikabaki. Kesho yake ilinuka, lakini niliona uchungu kuitupa. Niliichemsha, nikaila. Niliharisha siku tatu. Hapakuwa na mtu wa kunipa maji."

Darasa zima lilinyamaza. Siku hiyo tulijifunza kupika nyama ya mtu mmoja. Nawe, ndugu msomaji, jifunze.

KUNUNUA

Nunua nyama asubuhi, ya ng'ombe aliyechinjwa siku hiyo. Omba robo kilo ya steki, kipande kimoja kinene. Soma mizani mwenyewe. Robo kilo ni gramu 250. Nyama ikiiva hupungua, kwa sababu maji yake hutoka. Kwa hiyo robo kilo humtosha mtu mmoja, wala haibaki.

VITU VINAVYOTAKIWA

Nyama robo kilo, chumvi kidogo, kitunguu kimoja, kijiko kimoja cha mafuta, kipande cha papai bichi, sufuria ndogo yenye kifuniko, na makaa ya moto.

JINSI YA KUPIKA

1. Nawa mikono kwa sabuni. Paka nyama maji ya papai bichi. Ifunike, uiache nusu saa. Papai hulainisha nyama ngumu.
2. Tia chumvi. Chemsha mafuta katika sufuria. Geuza nyama pande zote mpaka iwe rangi ya kahawia.
3. Tia kitunguu na maji robo kikombe. Funika.
4. Palia. Weka makaa machache chini na makaa mengi juu ya kifuniko. Makaa yakizidi chini, nyama itaungua kabla ya kuiva.
5. Acha dakika 30 hadi 40. Katikati, geuza nyama mara moja. Maji yakikauka, ongeza kidogo.
6. Choma nyama kwa kisu kisafi. Maji yakitoka mekundu, bado. Funika tena.
7. Ipua. Ngoja dakika 10. Kata kwa kukingamia nyuzi za nyama. Hapo itatafunika vizuri, hata kwa mwenye meno machache.

Osha kwa sabuni kisu na ubao uliokatia nyama mbichi.

HADHARI

Usipikie mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hewa hiyo huua, na mtu aliye peke yake hana wa kumwamsha. Pikia nje.

Usilaze nyama iliyopikwa kama huna friji. Nyama iliyoharibika hata ikichemshwa tena, sumu yake yaweza kubaki. Ikizidi, mpe jirani siku hiyo hiyo.

MWISHO WA HABARI

Jumamosi mzee alikwenda buchani. Muuza nyama alikata, akapima, akataka kufunga. Mzee akasema, "Ngoja, mwanangu. Mshale uko kwenye 200. Mimi nimelipia 250." Muuza nyama akaongeza.

Jumatatu tulimwuliza, "Ilikuwaje?"

Akajibu, "Nilitandika mkeka. Nikanawa. Nikajikaribisha kama mgeni. Nikala, nikamaliza."

MASWALI

1. Kwa nini mzee aliacha kupika?
2. Robo kilo ni gramu ngapi?
3. Muuza nyama alipunguza gramu ngapi?
4. Makaa mengi huwekwa wapi? Kwa nini?
5. Kwa nini si vizuri kupikia mkaa ndani ya chumba kilichofungwa?

KAZI

Je, kijijini kwako yuko mtu anayekula peke yake? Mtembelee. Msomee somo hili.