Gugu karoti hupanda mlima kwa gari

Kijitabu kwa wakulima na wafugaji wa Moshi na vijiji vya mlimani

Anayefuga ng'ombe wa ndani huku juu anajua kwamba majani ya kihamba hayatoshi. Mabua na nyasi hukatwa tambarare, yakapakiwa kwenye pikapu au kufungwa nyuma ya bodaboda, yakapandishwa hadi Kibosho, Machame au Marangu. Katika mzigo huohuo gugu karoti linaweza kupanda mlima bila mtu kulialika.

Asili yake ni Amerika, kuzunguka Ghuba ya Meksiko. Mbegu zake hazina ndoana kama za kishona nguo, lakini ni ndogo kiasi kwamba hukaa kwenye tope la tairi, kwenye nyasi kavu na ndani ya magunia ya nafaka. Nchini India lilionekana Pune katika miaka ya 1950, na inaaminika liliingia na ngano iliyoletwa kwa meli. Ethiopia nayo inasadikiwa kulipata kupitia nafaka ya msaada. Hapa Tanzania liliripotiwa Arusha mwaka 2010, na tangu hapo limekuwa likifuata barabara hadi mkoa wetu. Meli huvusha gugu bahari; kuanzia bandarini kazi hiyo hufanywa na malori, matrekta na magari ya mchanga.

Lijue likiwa dogo. Mwanzoni hulala chini, majani yametandazwa kama sahani, yamechanwachanwa kama ya karoti na yana vinyweleo laini. Baadaye huinua shina lenye michirizi inayoshuka kwa urefu, likatoa matawi mengi na maua madogo meupe. Hapo muda umekwisha kuwa mfupi: likipata mvua huweza kutoa maua ndani ya wiki 4 hadi 6 tangu kuota, na mmea mmoja mkubwa huweza kuzaa mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu zilizofukiwa hubaki hai kwa miaka.

Hasara yake haiishii shambani. Hunyima mahindi na maharage nafasi, na kemikali zake huzuia mimea mingine kuota. Watu wengi wanaoligusa mara kwa mara huwashwa na kutokwa vipele. Chavua yake huamsha mafua ya mzio na pumu. Ng'ombe akilila, maziwa huwa machungu.

Tunawaomba muangalie zaidi zizini. Ng'ombe mwenye chakula cha kutosha hulikwepa gugu hili, na masalia aliyoyaacha hufagiwa pamoja na samadi. Samadi ikitolewa kabla haijaiva, mbegu huishia kwenye migomba na kahawa. Kutoka hapo mfongo huzibeba hadi kwa jirani wa chini, kwa sababu huelea majini. Hivyo gari hulipandisha na maji hulishusha, na kihamba kimoja kilichozembewa huwatesa wengi.

Kabla ya kununua majani, fungua mzigo uukague palepale kwa muuzaji. Ukiona maua meupe na majani ya karoti, uache, hata kama bei ni nzuri. Trekta au gari likitoka kulima tambarare, lioshwe tope hukohuko chini, mbali na mfongo. Mchanga na moramu vikishamwagwa kwako, pitia mahali hapo kila baada ya mvua kwa msimu mzima.

Likiota, ling'oe na mzizi wake udongo ukiwa na unyevu, kabla halijatoa maua. Vaa glavu, mikono mirefu na kitambaa puani. Mwenye pumu asishiriki kazi hii. Kufyeka pekee hakufai, maana kisiki huchipua tena na kutoa maua kikiwa kifupi. Lililokwisha kutoa maua litie kwenye mfuko palepale bila kulikung'uta, likaushwe na kuchomwa mahali pamoja panapoweza kuangaliwa. Usilitupe barabarani, kwenye mfongo wala kwenye shimo la mboji.

Ukiwa na shaka, usibebe tawi kwenda kuuliza. Lipige picha ya majani, shina na maua, weka alama mahali lilipo, umwite afisa ugani wa kata. Yeye atawasiliana na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, ambayo makao yake makuu yako Arusha.