Kuunga Mkanda wa Konveya: Mafunzo Niliyopata

Naunga mikanda ya konveya kwenye machimbo ya chokaa na viwanda vya saruji vya Tanga na Dar es Salaam. Haya ndiyo ninayowaambia vijana wanaoanza kazi hii, na natanguliza lile linaloua.

1. Kuzima mota hakutoshi

Konveya iliyosimama bado ina nguvu mbili ambazo swichi haiziondoi. Ya kwanza ni ule uzito unaoning'inia ili mkanda ukazike. Ya pili ni mawe yaliyobaki juu ya mkanda, hasa pale konveya inapopanda mlima. Ukikata mkanda kabla ya kuzidhibiti, uzito unaporomoka na mkanda unarudi nyuma kwa kasi isiyokupa nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo tunamaliza mzigo wote kwanza, kisha tunakata umeme. Kila fundi anatia kufuli lake mwenyewe, ufunguo unakaa mfukoni mwake, halafu tunajaribu kuwasha ili tuone kweli haiwaki. Baada ya hapo uzito unainuliwa na kufungwa kwa mnyororo, na mkanda unabanwa kwa klampu pande zote mbili za mahali pa kukatia. Klampu ifungwe kwenye fremu ya chuma, kamwe isifungwe kwenye rola.

Katika kiwanda kimoja niliona klampu imefungwa kwa kamba ya nailoni kwa sababu minyororo ilikuwa stoo na mtunza stoo alishaondoka. Kamba ilikatika wakati mafundi wamekwenda kula, ndiyo maana hakuna aliyeumia. Mnyororo ukikosekana, kazi isubiri.

2. Usome mkanda kabla ya kunoa kisu

Maandishi EP 500/3 yana maana: nyuzi za poliesta kwa urefu, za nailoni kwa upana, nguvu ya nyutoni 500 kwa kila milimita ya upana, matabaka 3 ya nguo. Mkanda wa upana wa milimita 1,000 hukatika ukivutwa kwa nguvu ya takriban tani 50, lakini kwa kawaida hupangiwa sehemu moja ya kumi tu.

Akiba hiyo ni ya lazima. Kwenye kiungo cha ngazi, tabaka moja huwa limekatika katika kila ngazi, hivyo mkanda wa matabaka 3 unabaki na theluthi mbili za nguvu yake. Kisu kikigusa tabaka la chini, unapunguza hata hicho kilichobaki. Ndiyo maana mkono wa kisu naufundisha muda mrefu kuliko kitu kingine chochote.

3. Ukingo wa mkanda hudanganya

Ukingo umelika. Pima upana sehemu kadhaa, weka alama za katikati, vuta uzi, ndipo uchore mkato. Sisi hukata kwa mshazari wa digrii 22: kwenye mkanda wa milimita 1,000, upande mmoja unatangulia mwingine kwa milimita 400 hivi, ili kiungo kisipande puli chote kwa mara moja. Kiungo kilichopinda huuvuta mkanda pembeni, ukamwaga mawe juu ya wanaopita chini.

4. Solusheni haitaki haraka wala unyevu

Pwani, unyevu wa alfajiri ni adui. Changanya solusheni, yaani gundi ya kuungia, na kigumishi kwa kipimo cha mtengenezaji. Mpako wa kwanza ukauke kabisa. Wa pili uujaribu kwa mgongo wa kidole, unate bila kukuachia gundi. Jasho likidondoka, safisha na upake upya. Mvuke wa solusheni nyingi hushika moto na kulewesha, kwa hiyo pasiwe na sigara, grainda wala kuchomelea karibu, na ndani ya handaki feni iwake muda wote.

5. Klipu za chuma ni za dharura

Zinarudisha kazi haraka, lakini hukwangua puli na kupitisha vumbi. Panga siku ya kuunga upya.

6. Simu ya ofisini

"Bado muda gani?" Swali hili huja mpako wa pili ukiwa haujakauka. Anayeharakisha akumbuke kwamba Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri alinde usalama wa wafanyakazi wake. Nawaomba wasimamizi wa uzalishaji: saa za gundi kukauka ziandikeni kwenye ratiba tangu mwanzo, na kufuli la mwisho alifungue fundi aliyelitia.